Nani Aliwasomea Ukurasa Ule

Kaka Masalu,

Mhola? Huku watu wakinisalimu najibu "mhola duhu", salama tu, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Wewe siwezi kukudanganya. Ni mwezi wa tano sasa tangu duara la kule Kahama, shimo lile la dhahabu, likufukie, na miezi yote hiyo dada yako nimeishi kama askari kanzu. Nilikuwa namtafuta aliyekuua. Simsemi aliyebomoa duara, ile ilikuwa kazi ya mvua. Namsema aliyekufanya ufukuzwe Geita hata ukaenda kuchimba huko.

Unalikumbuka kauntabuku langu, lile daftari nene ambalo tajiri yangu alinipa dukani baada ya panya kulitafuna pembeni. Niliandika juu ya jalada, "Habari za Kabula. Ukimaliza, mpitishie mwenzako." Humo niliweka mambo yangu yote: wateja wasumbufu, ndoto, harusi nilizokwenda bila kualikwa. Lilianzia nyumbani kwako, kwako wewe na wifi, likaenda kwa Rehema fundi cherehani, kisha kondakta wa basi akalipeleka Shinyanga kwa Mama, ambako mwalimu jirani alimsomea. Kila msomaji aliweka sahihi ukurasa wa nyuma, na wengine walijibu pembeni. Wifi aliwahi kuandika kwa kalamu nyekundu, "Ugali wangu haukuwa mbichi. Wewe ndiye uliyewahi kufika." Nilicheka, lakini moyoni nilimwekea kinyongo.

Halafu nikaandika ukurasa ule.

Siku ile wifi alikuwa na homa, nikakuletea chakula mimi kule machimboni. Wenzako walikuwa wamekwenda kuoga, ukabaki peke yako. Kawaida ya wanaume wa pale tunaijua: mwanamke hasogelei mdomo wa duara, dhahabu itakimbia. Ukatazama kushoto, ukatazama kulia, ukaniambia, "Njoo uone ninakoshinda. Upesi!" Nikalala kifudifudi nikachungulia. Giza tupu, na ubaridi ukanipanda usoni. Nikaita jina langu humo chini, halikurudi. Nilirudi nyumbani najiona mtu mkubwa, nikayaandika yote, hadi udongo ulioingia kwenye gauni langu.

Wiki mbili baadaye duara likakauka, dhahabu haionekani tena. Wenzako wakakaa kikao, wakakuambia, "Dada yako alichungulia, akaita na jina lake," wakakutoa. Ulikuja kufungasha nguo, nami nikakuuliza wamejuaje. Ukasema, "Watu wana midomo." Ukapanda gari la Kahama.

Mimi nikaenda kwenye ukurasa wa nyuma wa kauntabuku. Sahihi za mzunguko ule zilikuwa tatu tu: yako, ya wifi na ya Rehema. Shinyanga lilikuwa halijafika bado. Rehema nilimchunguza wiki nzima. Nilimuuliza kwa mbali, nikamuuliza kwa karibu, nikagundua kwamba alipomaliza tu kusoma alikwenda Mwanza kwenye msiba, akarudi wewe umeshafukuzwa. Akabaki wifi. Na wifi, nikajisemea, alikuwa na sababu: ugali.

Ulipokufa sikukulilia, nilikuwa na kazi. Kwenye matanga nilimkalia wifi kwa jicho. Akiinamisha uso, nikasema moyoni, anaona haya. Akinitazama, nikasema, ana uso mkavu huyu. Aliniletea uji nikamwambia nimeshiba, na tumbo langu likanguruma mbele yake. Hakuniuliza nina nini, na hilo nikalihesabu kuwa ni ushahidi. Mtu ukishamshuku, hata akipiga chafya unaona anakiri. Kauntabuku nikalifungia ndani ya sanduku la bati. Mama alipotuma salamu kwamba mbona habari za Kabula hazifiki, nikamjibu limepotea.

Jumamosi iliyopita akaja Maganga, yule mliyekuwa mkishika kamba pamoja kwenye duara la Geita. Alileta koti lako na tochi yako, ulivyoviacha kwao ulipofukuzwa. Alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kukimbia, akaniuliza, "Dada, lile buku lenu bado lipo? Tunalikosa kweli."

Nikamuuliza walilionea wapi.

"Si Masalu alikuwa anatusomea? Kila Jumapili, tukishafua."

Kwanza nilijua ametumwa na wifi. Nikamtega. Nikamwambia anieleze nilichoandika kuhusu harusi ya mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa. Akanieleza, Kaka. Alieleza kwa sauti yako, na kabla ya kufika pa kuchekesha akakohoa kidogo, vilevile ulivyokuwa ukikohoa wewe. Nikakaa chini sakafuni.

Anasema ulipofika ukurasa ule yeye alikuwa bega kwa bega nawe, akawahi kuona kinachokuja. Akakukanyaga mguu. "Ruka hapo." Ukasema kwa sauti, wote wakasikia, "Siruki neno la dada yangu." Ukasoma mpaka mwisho, na wote wakacheka. Duara lilipokauka, hakuna aliyecheka tena.

Masalu, ulikuwa unafikiri nini? Wanaume wale uliwajua kuliko mimi. Mimi niliandika kwa ajili ya ndugu, nani alikutuma ukawasomee wachimbaji? Nimekasirika na wewe mpaka kichwa kinaniuma, na sina wa kumgombeza. Hata ile "watu wana midomo" ulinitazama usoni ukaisema. Mtu mwenyewe ulikuwa wewe!

Leo asubuhi nimekwenda kwa wifi. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nimempigia magoti, nimemwambia, "Wifi, nilikushuku." Hakuacha kupepeta. Akasema, "Najua."

Nikamuuliza kama alijua ni nani aliyewasomea. Akasema alijua tangu siku uliyofukuzwa. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini uliniacha nikuchukie miezi yote hii, ndani ya msiba wa mume wako?" Hapo akaweka ungo chini. "Masalu alinikataza. Alisema, Kabula akijua ni mimi, hataandika tena."

Nilimtazama sana, maana hata hilo nilitaka kulishuku. Nilitafuta usoni mwake kitu cha kukamata, sikukipata. Niliona tu mwanamke aliyekonda. Kisha akaingia jikoni akanipakulia uji, nikaunywa wote, akaniongeza.

Kwa hiyo nakuahidi, na wifi ni shahidi: nitaandika. Kauntabuku limetoka sandukuni, na sasa litaanzia kwa wifi kabla ya mtu mwingine yeyote, akitaka kufuta afute. Mama nitamwandikia kwamba sikulipoteza, nilimdanganya, na sababu nitamweleza. Ukurasa ule sitauchana. Ila chini yake nitaandika kilichotokea, na jina lako nitaliweka, hilo usinilaumu.

Pumzika, Kaka. Baadaye nimerudi tena kwa wifi kumpelekea koti lako, nikapita nalo sokoni nimelikumbatia, na mbele ya wauza nyanya nikaanza kukulilia, kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari leo. Ndiyo mara ya kwanza. Miezi yote mitano nilikuwa natafuta mtu, sikupata nafasi.

Dada yako,
Kabula