Mashua za Bi Edith

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, mama, naibusu mikono yako kutoka huku Saint Paul. Goti lako vipi? Yale mafuta ya mchaichai yamekusaidia, au bado unapanda ngazi huku umeshika ukuta? Na harusi ya Mwanajuma iliishaje, ule ugomvi wa pilau ulisuluhishwa? Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, na baridi nimeizoea kadiri mtu wa Mombasa awezavyo kuizoea. Kilichoumia si mwili.

Juzi nilikupigia kukuuliza kama bado unayo ile video ya bibi wa kizungu akisimulia habari za mashua. Ukaniambia umeifuta ili simu ipate nafasi ya picha za harusi. Nikaangua kilio. Ukashtuka, ukasema, "Kwani video ni mtu, mwanangu?" nami nikakata simu. Nisamehe. Nilijua umeniweka kwenye spika na sebule imejaa wageni, na niliyokuwa nayo hayakuwa ya kusikizwa na wageni. Ndiyo maana nimeandika barua hii. Bi Nuru wa Woodbury anasafiri Alhamisi, atakukabidhi mkononi. Isome peke yako. Na kabla hujaendelea, mama, jua kwamba wewe hukukosa lolote. Simu ni yako na harusi ni ya mwanao. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Nilikuambia kwamba ile kazi ya kutunza wazee kule Maplewood niliiacha kwa sababu ya umbali. Nilikudanganya. Nilifukuzwa.

Yule bibi alikuwa anaitwa Edith. Alizaliwa Uingereza, ndani ya mashua. Si mashua ya baharini. Kule zamani watu walichimba mifereji mirefu kutoka mji hadi mji, wakaijaza maji, na mizigo ikawa inapita humo kwa mashua nyembamba zilizovutwa na farasi anayetembea kando. Babake alibeba makaa ya mawe. Baba, mama na watoto watatu waliishi kwenye kijumba cha nyuma ambacho, kwa alivyonionyesha kwa mikono, hakifiki hata nusu ya jiko lako. Lakini mlango wa kijumba hicho, ndoo ya maji, hata kigoda, vyote vilikuwa vimechorwa mawaridi na majumba ya kifalme. Akasema, "Tulikuwa maskini, lakini tulikuwa na mawaridi mengi kuliko malkia."

Baadaye aliolewa na Mmarekani, akaja huku, akazeeka. Hakubakiwa na picha hata moja ya ile mashua. Siku moja nikimvalisha soksi aliona mikononi mwangu hina niliyojipaka kwa ajili ya Idi. Akanishika kiganja, akakigeuzageuza. "Nani kakuchora?" Nikamwambia ni mimi mwenyewe, na aliyenifunza ni mamangu, mchoraji wa maharusi. Akanitazama sana. "Basi unaweza kunichorea mlango wetu."

Nilinunua ubao, rangi na brashi, nikawa nachora nyumbani na kumpelekea. Mama, alinisumbua! Waridi la kwanza akalikataa. La pili akasema limefanana na kabichi. Akanifunza kwa kidole juu ya meza ya chakula: anza na duara jeusi, kisha petali moja moja, kila petali ni pigo moja, ukishaondoa mkono usirudi. Nikacheka, maana ni maneno yako yaleyale. Ubao ulipotoka vizuri aliutia mapajani akaupapasa mpaka chakula kikapoa. Jina la mashua akaniandikisha mwenyewe, herufi kwa herufi. Kuna siku alisahau kama ameshakula au bado, lakini jina la ile mashua hakulisahau.

Nikaendelea kuchora. Mashua nzima, mashua na farasi, mashua chini ya daraja. Nikafungua ukurasa mtandaoni nikaziweka. Watu kumi na wawili wakapenda, na wote ni jamaa zetu. Salma, yule wa Kibokoni ninayeishi naye na anayeuza madera mtandaoni, akanicheka. "Rukia, picha peke yake haiuzi. Unaweka ubao ukutani kama tangazo la matanga! Watu wanataka kuona mkono unatembea. Wanataka uso. Wanataka hadithi. Kila siku uposti saa ileile, ujibu kila anayeandika, hata anayeandika upuzi."

Nikamfuata. Nikajirekodi mkono ukichora, nikaongeza maneno machache juu ya video. Watu wakaanza kuja. Wakauliza: mashua hizi umezijuaje, msichana wa Kenya uliyeko Minnesota? Nikajibu, nimesimuliwa na bibi mmoja. Wakaandika, tuonyeshe huyo bibi.

Hapo ndipo nilipopotea. Kazini sheria ilikuwa wazi, tuliitia sahihi siku ya kwanza: mzee hapigwi picha. Na nilijua kwamba akili ya Bi Edith inakwenda na kurudi, na bintiye Linda ndiye anayemwamulia mambo. Lakini mchana huo alikuwa amechangamka, jua limeingia mpaka kitandani. Nikamuuliza, "Bibi, nikurekodi ukieleza ile ya kuanguka majini?" Akajipapasa nywele. "Nimependeza?" Nikasema umependeza. Nikabonyeza.

Video hiyo uliiona mwenyewe, mama, ila hukuelewa maneno. Alikuwa anasimulia alivyotumbukia mferejini akiwa na miaka sita. Babake alikuwa akipiga gumzo na mwenye mashua nyingine. Akamwopoa kwa upondo wenye kulabu, akamnasa gauni, akamweka juu ya makaa maji yakimchuruzika, na yale mazungumzo yake wala hakuyakatiza. Alipofika hapo Bi Edith alicheka mpaka akashindwa kumalizia.

Niliiposti jioni. Asubuhi simu ilikuwa haishikiki. Watu wa nchi nisizozijua wanamwita bibi yao. Oda zikaja za mashua nyingi kuliko ningeweza kuchora kabla ya kiangazi. Nikakutumia na wewe, ukawaonyesha majirani, ukaniambia mtaa mzima umenijua. Nilifurahi, mama. Sitakuficha. Kwa siku tatu nilijiona mtu.

Siku ya nne Linda alikuwa ofisini kwake, mwenzake akamfikia na simu: "Huyu si mamako?"

Nilipofika kazini nikaitwa. Linda alikuwa ameketi na koti lake bado amelivaa. Msimamizi akazungumza kwanza, mambo ya sheria, nami nikaitikia tu. Kisha Linda akasema polepole, "Ana doa la supu kifuani. Umeliona?" Nilikuwa sikuliona. Wallahi nilikuwa nimeitazama mara mia na sikuliona. Akasema, "Mamangu alikuwa hafungui mlango bila kupaka rangi ya midomo. Maisha yake yote. Na wewe umemwonyesha dunia nzima hivyo."

Nikasema, "Nilimuuliza, akakubali."

"Ulimuuliza mtu ambaye asubuhi hiyo aliniita kwa jina la mamake."

Akataka niifute pale pale, mbele yake. Nikaifuta kwenye ukurasa. Nikaifuta kwenye simu. Akasema, "Na kule inakokwenda ikifutwa." Nikafungua, nikaifuta na huko. Wengi walioisambaza walikuwa wamesambaza kutoka ukurasa wangu, kwa hiyo kwao kikabaki kiboksi cheusi. Wachache walioiweka wenyewe niliwaandikia mmoja mmoja, nikawabembeleza, wakaitoa. Salma naye nikasimama juu yake mpaka akaifuta. Nilitaka nifanye jambo moja kikamilifu baada ya kuharibu lile jingine. Wewe sikukuambia, kwa aibu.

Nikavua kitambulisho nikaondoka. Chumba cha Bi Edith ni cha tatu kutoka mlangoni. Msimamizi alinisindikiza, sikuruhusiwa kusimama. Mlango ulikuwa wazi nikaona miguu yake tu, na soksi amevalishwa kinyume.

Mama Njeri, yule Mkenya wa Nyeri aliyekuwa zamu moja na mimi, alikuwa akinipigia. Akaniambia, "Anakuulizia. Anasema yule msichana wa maua yuko wapi. Tunamwambia uko likizo." Wiki ya pili akanipigia tena: "Leo amekasirika. Anasema likizo gani hii, mlango haujakauka." Wiki ya tatu nikamuuliza mimi, "Ameniulizia?" Akajibu, "Leo hapana, dadangu." Tangu hapo sikuuliza tena.

Nikapata kazi ya kufunga vifurushi kwenye ghala. Ukurasa wangu niliuacha hivyo hivyo. Watu waliendelea kuandika, bibi yu wapi, bibi hajambo? Salma aliniambia niwajibu nisije nikapoteza wateja. Nikaufunga ukurasa wote.

Bi Edith alifariki theluji ikiwa bado nene. Mama Njeri ndiye aliyeniambia. Kanisani sikwenda. Ningekwenda kama nani?

Sasa ndipo nafika kwenye kilio cha juzi. Linda alinipigia simu. Sikuijua namba, nikapokea. Akasema anaomba tuonane, nikadhani ni mambo ya mahakama. Tukakutana Maplewood, kwenye maegesho ya duka kubwa, nikaingia kwenye gari lake. Amekonda, mama. Hakunisalimu. Akasema, "Ile video. Naiomba."

Nikamtazama nisielewe.

"Nimepekua simu zangu zote," akasema. "Ninazo picha zake, amesimama, amevaa vizuri, ametulia. Sauti yake ninayo kwenye ujumbe wa simu, ananikumbusha kununua chakula cha paka. Mamangu akicheka sina. Sikuwahi kumrekodi akicheka, kwa sababu sikujua kwamba atakwisha."

Nikamwambia ngoja, ngoja, mamangu anayo Mombasa. Ndipo nikakupigia, nikiwa nimekaa mle garini kando yake. Kiswahili hakijui, lakini aliposikia sauti yako aliikodolea simu macho kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Ukasema umeifuta. Haikuwa lazima nimtafsirie. Aliona uso wangu.

Tukakaa. Watu wanapita na vitoroli vyao. Akasema, "Basi nimeifuta mimi." Nikasema, "Hapana, mimi ndiye niliyeirekodi vibaya." Akasema, "Ulirekodi kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kila Jumapili, na nilikuwa natazama saa."

Kisha, mama, akaniuliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa. "Ulimsikia mara nyingi. Alikuwa anachekaje? Nionyeshe."

Nikaona haya. Nikamwambia siwezi, mimi si mwigizaji. Akasema, "Tafadhali." Nikafumba macho, nikamsimulia upya tangu mwanzo, babake na upondo, gauni, makaa, maji yanachuruzika, na nilipofika pale pa kucheka nikacheka. Kikatoka kicheko kibaya, kikavu. Linda akatikisa kichwa. "Si hivyo. Alikuwa anaanzia juu." Nikajaribu kuanzia juu. "Umekaribia," akasema, "lakini alikuwa anavuta pumzi katikati." Akajaribu yeye. Nikamwambia, "Hapana, pumzi ilikuwa fupi zaidi." Tukawa tunapokezana hivyo, watu wazima wawili ndani ya gari lililozimwa, vioo vimefunikwa na mvuke, kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Hatukukipata. Tulijaribu mpaka sauti zikatukauka, akaniambia, "Inatosha," akanifungulia mlango.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya kilio changu. Usimwambie mtu kwamba ulifuta, asije mtu akakulaumu, na ukiulizwa video iko wapi sema Rukia aliiomba irudi kwake.

Nisalimie dadangu Mwanajuma na mumewe mpya, Mungu awape masikilizano. Nisalimie mjomba wa dukani, mwambie dawa zake za sukari anazo Bi Nuru. Shangazi yangu wa Kibokoni mpe mkono wangu, na Bi Zuhura jirani yetu, ambaye najua atabisha hodi kabla hujaikunja barua hii, mpe salamu na chai, barua usimpe.

Niombee dua, mama, na mwombee na Bi Edith, ingawa si wa dini yetu. Na Linda pia umwombee.

Ni mimi mwanao,
Rukia