Robo ya Haroub

Riyadh, Jumatatu, 5 Februari 1979

Barua ya Marekani imefika. Chuo kinamtaka mjukuu wangu Haroub akasome huko na kuwatupia mpira wa besiboli, mchezo aliojifunza kwa watoto wa Wamarekani wa kampuni ya baba yake. Vizuri. Lakini skolashipu wanampa robo. Robo! Mtoto nimemlea mzima.

Mwanangu Badawi, baba yake, kanieleza mara tatu, kama mie kiziwi. Sheria inamruhusu kocha skolashipu kumi na tatu tu, na wachezaji anao thelathini, basi anazikatakata. Wa futboli yao, ile ya kukumbatia mpira, wanapewa nzima nzima, kundi kubwa. Kwa nini? Eti uwanja wao unajaa. Nikamwambia sie hatupokei robo ya mtu. Kilichobaki Badawi anaweza kukilipa, lakini bila radhi yangu hatii saini. Ndivyo nilivyomlea. Haroub kanuna, chai hakuigusa. Na anune.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekwenda kumwona akicheza. Wanasimama juani muda mrefu, halafu wanatema mate. Mchezo huo! Lakini akitupa Haroub — mwenye gongo anapiga upepo. Watatu mfululizo. Nikapiga kigelegele, Wamarekani wakageuka wote.

Kocha wao wa hapa nikamwita, Haroub akatafsiri. Nikasema mtu akialika thelathini akapikia kumi na watatu, aibu ni yake mpishi. Akacheka. Akasema bila kikomo vyuo vyenye mali vingewazoa vijana wote wazuri na kuwakalisha benchi, vidogo vikose. Hm. Lina maana. Sikumwonyesha. Nikauliza mbona basi futboli hawabanwi hivyo. Akaokota mpira wake, akarudi kwa vijana.

Jeddah, Ijumaa, 16 Februari

Harusi ya mjukuu wangu Badriya, nyumbani kwa binti yangu Wahida, Al-Rawdah. Nyama hagawi mtu ila mie. Upawa naushika tangu Unguja. Tulipikia sinia kumi. Upande wa bwana harusi peke yao wakaja watu wa sinia saba! Wageni hawapunguziwi, nikawajazia zao. Za kwetu nikakatakata, kila mtu apate japo cha kuonja.

Haroub akaja mlangoni na sahani. Nikamwekea mfupa na kinyama juu yake. Akautazama. Akanitazama mie.

"Bibi, upande wa bwana harusi ndio futboli?"

Wahida kacheka mpaka kakaa chini. Nikamwambia Haroub aondoke na ufidhuli wake. Hakuondoka. Kala pale pale kasimama, mfupa kaufyonza, karudisha sahani nyeupe.

"Robo yako nimeila, Bibi. Na sikununa."

Hana adabu. Usingizi wa mchana haukuja.

Riyadh, Jumatatu, 19 Februari

Leo mwisho wa kutoa jawabu. Tangu alasiri Badawi kaomba simu ya Marekani, tunamsubiri opereta. Naandika hapa hapa sebuleni. Haroub anahesabu maua ya zulia.

Imelia. Kocha mwenyewe. Badawi kaziba simu kwa kiganja: "Mama, nimwambie nini?"

Nimemwambia asinikimbize. Robo bado ni aibu, na hilo alifikishe neno kwa neno. Kisha amuulize baridi ya huko ikoje, maana uzi wa sufu wa soko la Al-Dirah mwembamba, na mikono ya mtoto huyu mirefu, sweta moja itakula uzi wa sweta mbili.