Baba, dumu la kwanza hatukuliandika

Baba,

Leo ni Jumanne na tanuri halijawashwa. Ungekuwepo ungeuliza ni nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Ni mimi niliyewaambia watu wapumzike, kwa sababu kesho saa tatu asubuhi mgeni anakuja hapa Kabiria kuipima karakana yetu, na mimi naogopa. Naogopa mpaka asubuhi nimemvalisha Nafula sweta nyuma mbele, akaenda nayo hivyo hivyo hadi kwa jirani, na jirani ndiye aliyeniambia.

Nimekaa juu ya sanduku la mchanga, karatasi iko pajani. Niwie radhi kwa mwandiko.

Mwaka umepita tangu tukupeleke nyumbani Bungoma. Nafula sasa anahesabu hadi ishirini, ila kumi na tano anairuka kila siku, na ukimrekebisha ananuna. Oili chafu ya magari ya kuchoma kwenye tanuri, ile uliyokuwa ukipewa na magereji ya Naivasha Road kwa soda moja na utani mwingi, siku hizi inauzwa. Ile blowa yako ya kupulizia moto imekufa, tumeweka nyingine, inapiga kelele kama mbuzi aliyeibwa. Na bado nasikia ukikohoa. Nageuka, nakuta ni Shikuku, fundi wako wa tanuri. Yeye pia ameanza, Baba. Sijamwambia kwamba nasikia.

Ile kazi ya viungio tuliyoipata ukiwa hai bado ndiyo inayotulisha. Viungio vya alumini vya kushikanisha fremu za zile nyumba za vioo, ambamo wazungu hukuza nyanya wakati wa baridi. Bi Zuhura wa ile ofisi ya Parklands bado ndiye anayetusafirishia. Yeye ndiye aliyeniita, miezi michache baada ya mazishi, akanimiminia chai ya tangawizi na kuniambia mambo yamebadilika huko ng'ambo.

Nikuelezee nilivyoelewa. Huko kwao viwanda vinatozwa kodi ya moshi, wanaiita kodi ya kaboni, kwa sababu moshi unaharibu hali ya hewa. Viwanda vikalalamika: sisi tunalipa, na watu wa nje wanaleta mali yao bila kulipa, si watatumaliza? Basi wakubwa wao wakasema, kila mali inayoingia italipiwa moshi uliotoka ilipokuwa ikitengenezwa, hata kama moshi wenyewe ulitokea Kabiria. Anayelipa ni mnunuzi, si sisi. Lakini mnunuzi naye ana macho. Akiona kiungio chetu kina moshi mwingi, atakwenda kwa mwenye tanuri la umeme, na huyo hana haja ya kutupigia simu ya kwaheri.

Nilimuuliza Bi Zuhura kama pesa hiyo itarudi huku tununue tanuri la umeme na sisi. Akacheka, lakini si kwa furaha. "Mwanangu, pesa ikishavuka maji haiijui njia ya kurudi."

Nilipowaeleza watu hapa ndani walicheka mpaka Shikuku akakaa chini. Kamau, kijana mpya wa kumimina alumini, akasema, "Kwani moshi yetu iko na kitambulisho? Ikifika huko juu watajua aje ni ya Kabiria?" Tangu siku hiyo ananiita Madam Moshi. Shikuku yeye aliacha kucheka mapema. Alisema tunachoma oili ambayo ingemwagwa mtoni, tunayeyusha sufuria zilizotoboka ambazo hakuna anayezitaka, na bado sisi ndio wachafu? Bi Zuhura anasema hiyo skrapu inatusaidia kwenye hesabu yao, lakini mafuta hayana huruma, kila lita inahesabiwa.

Basi nikapewa fomu. Kurasa kumi na moja. Mimi wa kidato cha pili, Baba, na kamusi ya Nafula ya picha. Inauliza mafuta, inauliza umeme, skrapu inatoka wapi, hata lori linaloileta. Niliipitia yote nikitafuta mahali inapouliza kifua cha mtu. Hakuna. Moshi uliopanda juu wanautaka wote, mpaka tone. Ule ulioingia ndani yako miaka yote ile hauna kisanduku.

Unajua tulivyokuwa tukihesabu mafuta. Kila dumu la lita ishirini likimiminwa kwenye tangi, mstari mmoja wa chaki mlangoni. Mwisho wa juma unasimama na mikono kiunoni, unahesabu mistari, unajua bei ya kumwambia mteja. Lakini lile dumu la kwanza la asubuhi, la kulipasha tanuri moto kabla hata kipande cha alumini hakijaingia, hukulipigia mstari kamwe. Nilikuuliza nikiwa mdogo, ukaniambia, "Hilo ni chai ya tanuri. Hakuna fundi anayeanza kazi bila chai, na chai hatumwandikii mtu." Ukanigusa kichwani kwa kidole chenye masizi. Mama alinisugua nywele siku mbili.

Shikuku ameendelea hivyo hivyo ulivyomfundisha. Chai ya tanuri haina mstari. Na mimi nikaichukua mistari ya mlangoni, nikaijumlisha miezi yote waliyotaka, nikaijaza kwenye fomu.

Karatasi yetu ikatoka safi, Baba. Safi kuliko watu wakubwa. Mnunuzi akafurahi, akaongeza oda. Hapo ndipo nilipompa Kamau kazi ya kudumu, na kumwajiri Mama Brayo wa Riruta anayepiga tupa kulainisha kingo za viungio. Mama Brayo ana watoto watatu na hana mtu. Siku ya kwanza alikuja na tupa yake mwenyewe, ameifunga kwa leso kama mtoto.

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa nakopi mistari tena, kwa sababu wanataka upya kila msimu. Shikuku akapita nyuma yangu na ndoo ya mchanga. "Mama Nafula," akasema, bila ubaya wowote, "na ile ya chai unaiandika wapi?"

Niliweka kalamu chini. Ni dumu moja kila siku ya kazi. Siku za mistari mitatu tulichoma madumu manne.

Siku ile ile tukaambiwa mnunuzi anatuma mtu wa kukagua karakana zote zinazomuuzia. Nilikimbia Parklands. Bi Zuhura alisikiliza, akainuka, akafunga mlango. Juzi akanipa barua, ameiandaa yeye mwenyewe kwa Kiingereza kizuri, inangoja sahihi yangu tu. Inasema makosa ya hesabu yalitoka kwa mwenye karakana wa awali, ambaye sasa ni marehemu, aliyekuwa na desturi ya kutoandika mafuta yote.

Aliniona nilivyobadilika uso. "Wallahi si kwa ubaya, Nekesa. Nilimpenda babako. Lakini marehemu hana la kupoteza, mwanangu, wewe unalo. Ukisema ni yeye, watakuona mkono mpya, watakupa nafasi urekebishe. Ukisema ni wewe, watasema huyu aliandika uongo, na hapo mimi sina mlango wa kukupitishia."

Nilimwambia Shikuku. Nilitaka akasirike. Alikuna ndevu zake, akasema, "Mzee mwenyewe angekubali. Angecheka, aseme mniandike hata mara mbili."

Ni kweli ungecheka. Hicho ndicho kinachonisumbua. Ungekubali kabla sijamaliza kuuliza, kama ulivyoniachia kitanda nilipojifungua na kulala sakafuni miezi minne na kifua hicho hicho.

Kwa hiyo jana nilishika kalamu. Naogopa, Baba. Nikifumba macho naona oda imefutwa, naona Mama Brayo akiifunga tupa yake kwenye leso aende. Naona karo. Naona mwenye ploti amesimama hapo nje na kufuli. Naogopa hata kitu kisichokuwa na sura: kwamba watu ambao sijawahi kuwaona wanaweza kukaa mezani huko mbali, wakaandika sheria nzuri ya kuokoa mbingu, na pengine ni nzuri kweli, mvua yenyewe siku hizi tunaiona ilivyochanganyikiwa, halafu sheria hiyo ikatembea mpaka kwenye mlango wetu na kunikuta mimi na chaki.

Sikuweka sahihi. Na sababu si uzuri wa moyo, usije ukajivuna huko ulipo. Sababu ni kwamba ile barua ni uongo, na mimi ndiye mtu pekee anayejua.

Siku nilipojaza ile fomu, nilipofika kwenye mafuta, kalamu ilisimama. Niliikumbuka chai ya tanuri. Niliikumbuka vizuri, na kidole chako, na masizi. Nafula alikuwa analia njaa, ulikuwa na miezi mitano kaburini, na Bi Zuhura alikuwa amesema mafuta hayana huruma. Nikajiambia, Baba hakuihesabu, mimi ni nani niihesabu. Nikageuza ukurasa.

Nilijua. Shikuku anadhani nilisahau. Bi Zuhura anadhani sikuwa najua. Wewe hukuficha kitu, Baba. Hakuna aliyekuuliza, na mistari ile ilikuwa ya macho yako tu. Mimi niliulizwa, kwa maandishi, nikakuweka wewe mbele nijifiche nyuma yako. Kukuweka mara ya pili, na huna hata mdomo wa kukataa, hapana.

Nimeandika barua nyingine kwa mkono wangu. Mistari mitano, Kiingereza cha kidato cha pili. Nimeandika mafuta yote ya kila siku, nikasema aliyeyaacha ni mimi. Mchana huu nimempigia Bi Zuhura nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi vaa vizuri kesho." Sijui maana yake ni nini. Labda hajui naye.

Shikuku nitamwambia leo jioni, na Kamau, na Mama Brayo, ili kama kuna wa kunikasirikia anikasirikie usoni. Mama Brayo ndiye ninayemwogopa kuliko mgeni.

Sasa nakwenda kumchukua Nafula. Pumzika, Baba, pumua huko kwa nafasi. Kesho mgeni akiuliza ni nani aliyejaza karatasi, nitasema ni mimi, nikiwa nimesimama. Nakuahidi jina lako halitatoka mdomoni mwangu, isipokuwa akiniuliza kazi hii nimefunzwa na nani.

Mwanao,
Nekesa