Baba kwa Kichina

Lulu, nimetoka kwa shangazi Bimkubwa sasa hivi na bado siamini. Leo ndiyo amenieleza kwa nini aliachana na Nassor.

Guangzhou, mwaka tisini na nane. Miaka yote Nassor akimkataza kwenda naye huko kwenye biashara, safari ile akaenda kwa nguvu. Walipomaliza kununua vitambaa soko la Zhongda, bosi wa duka akawaalika chakula cha mchana kwenye mkahawa wa kifahari wa vyakula vya Chaozhou. Nassor akasita, lakini bosi hakataliwi. Walipofika Nassor akawahi mbele, akanong'ona na mama mwenye mkahawa.

Samaki wa mvuke kaletwa, mzima mzima. Shangazi hajatia mkono, kitoto cha kike kikatoka jikoni mbio, nywele za kipilipili, kikamkumbatia Nassor mguu.

"Baba."

Hivyo hivyo, Lulu. Baba.

Nassor akacheka. "Kwa Kichina hiyo ni salamu tu."

Shangazi akamgeukia Zubeir, mwenzao anayejua Kichina. "Baba kwa Kichina ni nini?"

Zubeir akainamia sahani. "Ni baba, shemeji."

Na yule mama anamchagulia shangazi minofu mizuri, anamtilia chai kwa mikono miwili! Shangazi akauliza, "Ameambiwa mimi nani?"

"Ameambiwa wewe ni dada yake Nassor."

Shangazi akanywa ile chai yote. Kisha akasema, "Mwambie nashukuru. Dada mtu anarudi Unguja, kaka anamwachia."