Laini Niliyoichagua Mimi

Nyumba Na. 61,
Makadara,
Nairobi.
8 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Kavutha,

Pokea salamu zangu, wewe na watu wote wa nyumba yako hapo Mwanza. Ile malaria iliyokulaza Krismasi imekuachilia? Mimi natembea, nakula, nasali, kwa hivyo usinihesabu kati ya wagonjwa. Mgonjwa ni shemeji yako Matheka.

Sukari imemshambulia mguu wa kushoto. Vidole viwili vimekuwa vyeusi, na daktari anataka mguu ukatwe kabla mwezi huu haujaisha. Matheka amekataa. Anasema kisu hakimgusi mpaka azungumze na binti yake Mutheu, kwani alimsomesha unesi wa nini? Hapo anasema kweli. Mtaa huu mzima hakuna mtoto mwingine aliyeitwa Uingereza kwa alama zake mwenyewe, bila kubebwa na mtu. Hata mwalimu wake wa zamani akiniona hunipisha njia.

Lakini Mutheu hapatikani, na sababu ni mimi.

Unakumbuka alikuwa akipiga simu kwa jirani yangu Benta, mama Okinyi. Benta alikuwa akisimama kwenye ua na kuita mtaa mzima usikie, "Mama Mutheu, kimbia, Ulaya inakula pesa!" Nami natoka na unga mikononi. Nilivumilia miaka miwili. Halafu siku moja kwenye kikundi cha akina mama kanisani akasema, "Bila simu yangu huyu hangejua kama mtoto wake yu hai." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni niliapa.

Njia zilikuwa mbili. Kuna kadi ya simu: unainunua imeshalipiwa, unaiingiza kwenye simu ya kibandani pale posta, unaongea mpaka iishe, na hakuna anayekufuata na bili. Na kuna laini ya nyumbani: unajaza fomu, unaweka amana, kisha kila mwezi unalipa, uongee usiongee. Muoki wangu, ambaye ana akili kama za dada yake ila vitabu havipendi, aliniambia, "Mathe, chukua kadi. Utampigia wewe, siku unayotaka." Nikamjibu kwamba kadi hailii. Nilitaka kitu kilie ndani ya nyumba yangu, Benta akisikie.

Septemba simu ikaletwa. Nikaishonea kitambaa cha waridi. Namba nilipewa kwenye karatasi, nikaambiwa baada ya wiki mbili itaanza kufanya kazi. Siku hiyohiyo nikamwandikia Mutheu: namba ya Benta tupa, sasa tuna yetu. Nikapita na kwa Benta. "Akipiga tena, mwambie mamake ana simu yake."

Kavutha, simu hiyo haijawahi kutoa sauti. Kwanza waya haukutosha, halafu zile mvua zikajaza maji boksi la barabarani, sasa fundi haji. Na barua ya mwisho ya Mutheu ilisema anahama, anwani mpya atatupa kwa simu. Barua zangu mbili za baadaye zimerudi.

Wiki jana nilimeza mate machungu nikaenda kwa Benta.

"Alipiga?"

"Mara mbili, Novemba. Nikamwambia ulivyoniagiza."

"Hukumwuliza namba yake?"

"Mama Mutheu, nimwulize namba ya nini, na wewe una simu ya waridi?"

Kisha akaniona uso, akaniwekea chai. Hiyo chai ndiyo iliyonimaliza.

Na Matheka hajui. Nilimwambia simu inafanya kazi, kwa kuwa nilishawaambia watu wote. Aliomba iwekwe kando ya kitanda chake. Haigusi, anaogopa nitasema ameiharibu. Kila nikitoka sokoni huniuliza, "Imelia?" Nasema bado. Siku hizi anasema mtoto akishavuka bahari husahau.

Najua Mutheu huwa anakuandikia wewe mambo asiyoniambia mimi. Sioni wivu tena. Kama una anwani yake au namba, hata ya rafiki yake, usinijibu kwa barua. Peleka telegramu.

Nasimama hapa kidogo, Matheka anaita.

Jumatatu. Jana jioni nilimwambia ukweli wote. Nilidhani akijua hakuna simu itakayokuja atakubali kwenda hospitali. Alikigusa kile kitambaa, akasema, "Kumbe si mtoto." Uso ukamfunguka kama zamani akitoka kazini reli siku ya mshahara. Halafu akasema, "Basi nitamngoja."

Sasa nimemtia tumaini, na mguu unanuka.

Muoki alishaninunulia ile kadi. Iko ndani ya Biblia yangu, haijatumika hata mara moja. Kadi ninayo. Namba ndiyo sina.

Nisalimie shemeji Javan na binti yenu Amondi, mwambie nimesikia amekuwa wa tatu darasani na wala sishangai, ni damu yetu. Muoki anawasalimu. Mungu ailinde nyumba yako, na akutangulie hadi posta leo, si kesho.

Wako akupendaye,
dada yako mkubwa,
Mbeti