Tetemeko Ulilokubali Lifutwe, Babu Benedict

Ni mwaka mmoja sasa, Babu Benedict Masalu, na bado mtu akibisha hodi nyumbani kwetu Ushirombo tunasubiri sauti yako iseme, "Pita, lakini usikanyage karatasi." Hata mkeo, Bibi Apolonia, alikuita Babu. Basi sote tunakuita hivyo hapa.

Karatasi zilijaa sakafuni. Ulijifunza Kigiriki cha kale seminarini ukiwa kijana. Upadri uliuacha, Kigiriki hukukiacha. Ukaenda Ugiriki kwenyewe, ukafanya kazi na watu wanaofukua miji iliyofukiwa, mkitafuta jambo moja: zamani zile ardhi ilitikisika lini, wapi, na iliangusha nini. Ukarudi kufundisha sekondari Kahama mpaka ukastaafu, na miaka yote hiyo uliendelea kuandika orodha yako ya matetemeko ya Wagiriki wa kale.

Tulikuuliza mtu anajuaje tetemeko la miaka elfu mbili na zaidi. Ukasema, "Nina mashahidi wawili, kitabu na ukuta. Kitabu hutia chumvi. Ukuta hautaji mwaka. Nikiwakutanisha, kila mmoja anamsahihisha mwenzake."

Jirani yetu Ngusa, mchimbaji, alikuwa akipita na sururu begani anakutania. "Mzee Bene, sisi tunachimba dhahabu, wewe unachimba maneno ya marehemu!"

"Wote tunachenjua, Ngusa. Na wote tunapata mchanga mwingi."

Chai yako uliiacha ipoe, kisha ukailaumu kwa kupoa. Karanga uliziweka mfukoni pamoja na kalamu. Watoto njiani uliwawahi wewe kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!", kabla hawajafungua mdomo. Na lilipotokea tetemeko lile la Bukoba, ambalo hata huku vyombo viligongana kabatini, ulizunguka nyumba hadi nyumba ukiuliza kila mtu alikuwa akifanya nini. Wazee ambao hakuna aliyekuwa akiwauliza kitu walivaa nguo zao za kanisani wakikusubiri. Hukumkatiza hata mmoja. Kikongwe mmoja alikueleza habari za ng'ombe wake kwa saa nzima, na zote ukaziandika.

Macho yako yalipopata mtoto wa jicho, ulihitaji msomaji. Mwanao Alois ni mwalimu, tukadhani utamchukua yeye. Ukamchukua mjukuu wako Elieth, binti wa Juliana, aliyeacha shule darasa la tano akamsaidie mama yake kuosha marudio kule Segese, ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao watu huuosha tena wakitumaini kuna chembe imebaki. Elieth alikuwa na haya hata ya kuomba chumvi mezani. Alois alipolalamika ulimjibu, "Wewe unasoma haraka, unaruka. Huyu anasoma kwa kidole. Haruki kitu."

Akawa anakusomea madaftari yako ya Kiswahili, ambamo ulikuwa umetafsiri maandishi yote ya kale yanayotaja tetemeko. Mliyapitia taratibu, kwa sababu orodha ilikuwa karibu kwenda kwa wenzako Ugiriki ichapishwe, na ulijua hutapata nguvu ya kuipitia tena.

Mkafika kwenye mji mmoja mdogo wa pwani ambao Elieth hakuweza kutamka jina lake. Hapo uliandika matetemeko mawili, miaka mitano kati yake. La kwanza lilijulikana kwa wataalamu wote. La pili ulilivumbua wewe, na ulilipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa mwisho. Waliofukua mji huo walikuta tabaka moja tu la kifusi. Wewe ulieleza kwamba kifusi cha pili kilizolewa na waliojenga upya.

Elieth alisoma la kwanza: hekalu lilianguka, wakapona wanawake waliokuwa wamekwenda chemchemini kuteka maji ya kumwogesha bibi harusi. Akasoma la pili, la mwandishi mwingine: mji ulianguka, wakapona bibi harusi na wasindikizaji wake waliokuwa kwenye maji. Kidole kikasimama.

"Endelea," ulisema.

"Babu, samahani. Hili la pili si marudio?"

"Marudio gani?"

"Mchanga uleule, Babu. Umeoshwa mara mbili."

Ulimweleza kwa upole kwamba miaka ni tofauti. Mwandishi mmoja alihesabu kwa majina ya viongozi wa mji, mwingine kwa michezo yao mikubwa. Elieth akainamisha kichwa, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Bibi Apolonia husema mama alizaliwa mwaka wa njaa. Bibi Epifania, ndugu yake, husema ni mwaka paa la misheni lilipoezuliwa. Wakibishana, wanapishana miaka mitatu mizima. Kwani mama alizaliwa mara mbili?"

Chumba kizima kilikusikia ukimuuliza, "Uliishia darasa la ngapi wewe?"

"La tano, Babu."

"Basi nenda kasonge ugali."

Tunaliandika hili kwa sababu wewe hukupenda historia iliyosafishwa. Elieth alisonga ugali akilia, na kwa siku mbili hukumwita. Ulikaa na madaftari usiyoweza kuyasoma, ukiyageuza kurasa kwa vidole. Hatukujua kama orodha itakwenda ilivyo, wala kama yule mtoto atafungua mdomo tena maishani.

Siku ya tatu asubuhi ulikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, ukipapasa ukuta.

"Shikamoo, mwalimu," ulimwambia Elieth.

Bibi Apolonia aliacha mwiko. "Babu, umechanganyikiwa? Unamwamkia mjukuu?"

"Nimekosa mbele ya watu, nimwamkie mbele ya watu. Tabaka ni moja, Apolonia. Ukuta ulikuwa unaniambia, nikawa nauziba mdomo." Kisha ukamwambia Elieth, "Nisamehe, mama. Darasa halikunihusu. Chukua kalamu na rula. Lifute lile la pili."

Elieth alipiga mstari juu ya tetemeko lako, taratibu, asiharibu maandishi yaliyokuwa chini yake. Ukaomba akuongoze kidole uuguse mstari. Ukaupitisha kidole tena na tena, na yeye akaogopa.

"Unasikitika, Babu?"

Ulicheka kidogo. "Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwaangushia nyumba watu wale mara ya pili. Leo wamepona. Waache wapumzike."

Orodha ilitumwa wiki hiyohiyo, pungufu moja. Kabla mwezi haujaisha nawe ukapumzika.

Unakumbukwa na mkeo Apolonia. Shemeji yako Epifania. Wanao Alois na Juliana. Wajukuu wako Elieth, Thobias na Hosiana. Jirani yako Ngusa. Wanafunzi wako wa Kahama, na wazee wote uliowasikiliza. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili, misa ya kwanza, hapa Ushirombo.

Hatutaacha kukutaja, Babu, siku zote tutakazojaliwa.