Upande Wenye Betri

Mama,

Shikamoo. Mvua zimeanza, na migomba yako hapa Maji ya Chai imebeba hadi mingine tumeiwekea nguzo. Ningependa uione. Ningependa zaidi unikaripie kwa kuchelewa kupalilia.

Mama, nilianguka sokoni, nyanya zikatawanyika, watu wakanimwagia maji. Daktari anasema moyo wangu unapiga polepole mno, ugonjwa ule ule wako, nami nahitaji betri ya moyo.

Niliposikia neno hilo nilikumbuka kile kivimbe chini ya bega lako la kushoto, na ulivyokuwa ukinisukuma taratibu: "Hamia huku, mwanangu, upande huo una betri." Mtu mzima na watoto wangu, bado nilitaka kukulalia kifuani. Hata sasa nataka.

Nikawakumbuka pia wale wageni waliokuja kukupa pole. Ulikatazwa kuinua mkono mpaka waya wa betri ushike moyoni, lakini wewe na mgeni aondoke mikono mitupu, wapi! Ukachukua panga ukawakatia mkungu. Nilikuona kutoka jikoni nikacheka tu, "Mama na ukarimu wake." Waya ukachomoka. Wakakupasua tena, kidonda kikaingia wadudu, hukurudi nyumbani. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Betri hii ya sasa haina waya, Mama. Ni ndogo kama kidonge, hupitishwa kwenye mshipa wa pajani hadi ndani ya moyo, ikakaa humo humo. Daktari hakunificha: wakati wa kuiweka inaweza kutoboa moyo, ingawa ni mara chache, na ikiisha nguvu huenda isitoke tena, wakaiacha humo na kuongeza nyingine. Naogopa. Wiki mbili nimezunguka na fomu ya kusaini kwenye mkoba. Ungekuwepo ungeshanishika mkono nikasaini.

Jana mjukuu wako Neema alinilalia kifuani. Akauliza, "Ukiwekewa betri kama Bibi, nitalala upande gani?" Nikamwambia, wowote. Kisha nikatoa ile fomu nikasaini.

Naenda Jumatatu. Niombee huko uliko. Nakuahidi nitatulia mpaka daktari aniruhusu kufanya kazi. Wakija wa kunipa pole, Mama, panga liko nyuma ya mlango, pale pale ulipoliacha. Watajikatia wenyewe.

Mwanao,
Eliaika